Hamu ya Kamal, Kimya cha Saida

Kamal Punja ni daktari aliyestawi Kanada, mwenye familia na jina. Hata hivyo, katika The Magic of Saida (2012), riwaya ya Kiingereza ya M.G. Vassanji, utu uzima unamrudisha Kilwa kumtafuta msichana aliyekua naye. Hajui kama yu hai, wala kama anamkumbuka. Anaulizia tu, na kila jibu la kukwepa linamzidishia kiu.

Ni wepesi kuyaita hayo mapenzi. Kamal, mwana wa mama Mswahili mwenye asili ya utumwa na baba Mhindi aliyetoweka, alitolewa Kilwa akalelewe na jamaa za baba yake Dar es Salaam. Akasomea udaktari Makerere, kisha akahamia ng'ambo. Kila hatua ilimpa kitu na kumpunguzia Uswahili wake. Saida ndiye aliyebaki na nafsi ile ya kwanza. Amtafutaye, basi, anajitafuta mwenyewe, na hamu ya namna hiyo haina masikio.

Saida ni mjukuu wa Mzee Omari, mshairi anayetunga habari za kuja kwa Wajerumani. Kivinje haijausahau mwembe wa kunyongea watu, wala Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa mwaka 1895. Vassanji anaijua historia hiyo, na kurasa za mshairi huyu ndizo bora kitabuni. Lakini habari za mjukuu zinamfikia msomaji kupitia kumbukumbu za Kamal, naye Kamal anamsimulia mchapishaji Martin Kigoma: mwanamume kwa mwanamume. Kwa watu waliolelewa na ushairi wa kujibizana, ambamo mpenzi husifiwa lakini pia hukataa, hudhihaki na hufunga mlango, hilo ni pengo kubwa.

Hata uchawi uliomo katika jina la kitabu umeelemea upande mmoja. Kamal ndiye anayeonekana kama aliyerogwa. Na binti aliyeachiwa ahadi akabaki nayo Kilwa, yeye karogwa na nani? Mwandishi analikaribia swali hili, hasa kuelekea mwisho, ambao si haki kuufichua hapa. Ila analikaribia akiwa bado amemshika mkono daktari wake.

Mwanamke wa Kivinje atakayekisoma kitabu hiki huenda akauliza jambo ambalo Kamal alichelewa mno kuuliza: miaka yote hiyo, yule binti alikuwa akila nini?