Msikiti wa Matundu
Huko Shanga, kisiwani Pate, hakuna aliyeinua ukuta upya. Mark Horton alichimba ndani ya magofu ya msikiti wa Ijumaa, akakuta chini yake misikiti mingine ya zamani zaidi. Wa mwanzo kabisa, wa karne ya 8, ulikuwa wa miti. Zilibaki alama za nguzo tu ardhini. Kitabu chake, Shanga (1996), kinausimamisha kwa michoro na vipimo. Nakiamini kuliko hekalu la Mithras la London: lilifukuliwa 1954 pakijengwa ofisi, likajengwa upya 1962, tena si mahali pake. Ila kitabu ni Kiingereza kitupu. Fundi wa Siyu anayejua pau na boriti angeweza hata kukisahihisha. Sasa yeye aingie kwa mlango gani?