Kipeperushi kizuri, nyuki siye

Mwezi wa nane, kwenye maonesho ya kilimo, nilipewa kipeperushi cha rangi kuhusu vichaka vya kupanda nyumbani: vinavyolika na wakati huohuo vinavyovutia wachavushaji. Vipo vitano. Mbaazi, biringanya, ngogwe, choya na kivumbasi. Nilikipenda, nikampelekea mama mdogo pale Kihonda, naye akakibandika ukutani jikoni. Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike.

Nianze na haki yake. Orodha imetoka kwa mtu anayejua bustani zetu. Hakuna maua ya kununua kwa bei mbaya, hakuna mmea unaotaka ubaridi wa Ulaya. Mbaazi inakaa shambani muda mrefu, inaongeza naitrojeni kwenye udongo, na zikiwa bichi unazipika na nazi. Choya unapata juisi. Kivumbasi kinastahimili jua na kinajaa wadudu kuanzia asubuhi. Ingekuwa mtihani, hapa ningempa alama zote.

Shida inaanza kwenye picha. Juu ya ua la biringanya amechorwa nyuki wa asali, mnene, anatabasamu. Chini yake imeandikwa kwamba bila nyuki huyu hakuna mavuno, kwa hiyo ukiweza weka mzinga.

Hebu chukua ua la biringanya au ngogwe ulitazame vizuri. Katikati kuna vijiti vya njano vilivyosimama pamoja. Chavua imo ndani ya vijiti hivyo, na haitoki kirahisi: kila kimoja kina vitundu viwili vidogo nchani, kama kopo la poda. Kopo la poda ukiligusa tu halitoi kitu, lazima ulitikise. Kuna nyuki wanaojua kazi hiyo. Anaking'ang'ania kijiti kwa taya, anatuliza mabawa, kisha anatetemesha misuli ileile ya kurukia. Utasikia mlio mkali kuliko ule wa kuruka, na chavua inamwagika tumboni mwake.

Nyuki wa asali hafanyi hivyo. Anaweza kupita kuokota masalia, basi.

Sasa nani anafanya? Kuna utafiti uliochapishwa 2008 kutoka Nguruman, kusini mwa Kenya, uliofuatilia mashamba ya biringanya. Wachavushaji wakuu walikuwa nyuki wawili wa porini: Xylocopa caffra na Macronomia rufipes. Huyo wa kwanza unamfahamu hata kama jina hulijui. Ni yule mweusi mkubwa anayetoboa mbao kwenye paa, jike akiwa na mikanda miwili ya rangi mgongoni.

Na hapa ndipo kwa mama mdogo. Wiki ileile aliyobandika kipeperushi aliniuliza bei ya mzinga. Halafu, katikati ya mazungumzo, akaniambia amemaliza vita na "yale madudu" ya kwenye boriti za banda la kuku: ameyamiminia mafuta ya taa, shimo hadi shimo.

"Mamdogo, hao ndio wanaokuchavushia ngogwe."

"Mwanangu, hao wananilia nyumba. Na kwenye karatasi yako hawapo."

Nilikosa jibu, maana kweli hawamo. Msomaji amefuata alichoelekezwa: ampende nyuki aliyechorwa. (Kwa faida yako, mbao hawazili. Jike anachimba njia ya kuwekea mayai na chakula cha watoto. Lakini boriti inapata matundu kweli, siwezi kumlaumu mwenye nyumba.) Nyuki hawa hawaishi maelfu kama kwenye mzinga. Jike mmoja analea watoto wachache tu, kwa hiyo matundu sita yaliyojazwa mafuta ni pigo kubwa kwa bustani ndogo.

Sentensi ya "bila nyuki hakuna mavuno" nayo imetiwa chumvi. Mbaazi inaweza kujichavusha yenyewe. Nyuki wakubwa wanaifungua na kuchanganya chavua kati ya mti na mti, lakini wasipokuja bado utakula mbaazi. Choya vilevile. Biringanya hupata msaada kiasi hata kwa upepo unaotikisa maua, ila nyuki mwenye mtetemo anafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Mkulima aliyeona mbaazi zake zikizaa siku zote hataamini ukurasa wa pili ukimdanganya ukurasa wa kwanza.

Kinachoniuma ni kwamba orodha yenyewe ilikuwa na hoja bora kuliko maelezo yake. Ua la biringanya lina chavua lakini halina nekta. Nyuki anahitaji vyote viwili, kwa hiyo lazima anywe mahali pengine karibu. Mbaazi na kivumbasi vina nekta. Ukivipanda kando ya ngogwe umempa nyuki sababu ya kukaa kwako badala ya kupita. Vichaka hivi vitano vinategemeana, na kipeperushi kimevipanga kama bidhaa dukani.

Kitu kingine: kinashauri utandaze majani bustani nzima. Ni vizuri kwa unyevu. Ila Macronomia na jamaa zake wanachimba viota ardhini. Ukifunika kila mahali umewafungia mlango. Acha kipande cha udongo mtupu, hata cha ukubwa wa mkeka, mahali ambapo jembe halifiki.

Nimewaandikia waliokitoa, nikawapendekezea wabadilishe picha na waongeze mstari mmoja kuhusu gogo kavu la kutundika mbali na paa, ili hao watoboaji wapate pa kwenda. Bado hawajajibu. Mama mdogo yeye amekubali gogo. Tumelifunga juu ya uzio, karibu na mbaazi. Boriti za banda ameshazipaka rangi, na hapo amesema hakuna mjadala.