Fundi wa Matongo

"Mwalimu, humu ndani kuna kitu cha muhimu?"

"Hakuna. Wewe weka tu."

Jibu hilo nilimpa mwenyewe fundi mmoja wa Bunda mjini, jua la saa nane likiwaka. Kompyuta yangu mpakato ilikuwa imezeeka, ukiiwasha unaweza kuchemsha chai ukanywa kabla haijaamka. Nikaomba iwekewe Windows upya. Jioni nikaichukua ikiwa nyepesi, nikalipa, nikashukuru. Usiku wa manane ndipo nilipokaa kitako kitandani. Mle ndani mlikuwa na folda moja ambayo sikuwa na nakala yake popote: picha za siku ya Butiama.

Siku hiyo bibi yangu mzaa mama alitutembeza wajukuu kwenye matongo. Alitangulia na fimbo yake, sisi nyuma. Kila alipopita hatua kadhaa alisimama mbele ya vichaka ambavyo kwetu vilifanana vyote, akasema hapa palikuwa kwa fulani, hapa ndipo alipozaliwa mama yenu, pale lilikuwa zizi. Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga picha. Mwaka uliofuata bibi alitutoka.

Asiye wa kwetu akiona tongo huona pori. Mwenyeji huona mji uliohamwa: mstari wa minyaa uliokuwa ua, jiwe la kusagia lililozama nusu ardhini, mafiga matatu yaliyosahauliwa. Watu walihama kwa ukame, kwa maradhi, kwa ugomvi, na miaka ya 1970 wengi walihamishwa na Operesheni Vijiji. Hata Mwitongo, pale Butiama alipozikwa Mwalimu Nyerere Oktoba 1999, jina lenyewe linabeba habari ya mahame. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake Imagining Serengeti cha mwaka 2007, ameeleza jinsi wazee wa upande wetu huu wa magharibi ya Serengeti wanavyohifadhi historia kwa kukumbuka mahali. Ukipoteza mahali, umepoteza na habari zake.

Basi kesho yake nikapanda gari kwenda Musoma, kompyuta mapajani. Tukapita Kiabakari, tukapita Makutano, na njia nzima najilaumu. Nilikuwa nimeelekezwa kwa fundi mmoja wa Nyasho, kijana mwenye kibanda chembamba kilichojaa waya na kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Nilipoanza kumweleza, alinikatiza kwa swali moja tu: "Umeiwasha mara ngapi tangu siku hiyo?"

"Mara moja."

"Usiiwashe tena." Kisha akaongeza, "Na mimi sikuahidi kitu, mwalimu. Nitaangalia."

Ndani ya maneno hayo kulikuwa na nusu ya ufundi wake. Wengi wetu tunadhani kufuta ni kuchoma moto. Kumbe kompyuta ni mvivu. Kwenye memori kadi nyingi, faili likifutwa, kinachobadilika kwanza ni baiti moja, ile ya mwanzo wa jina lake, ambayo huandikwa E5. Picha yenyewe haiguswi. Na diski ya kuzunguka kama yangu ikifomatiwa kwa haraka, ni kama mtendaji wa kijiji aliyefunga daftari la zamani na kufungua jipya. Kwenye daftari jipya kijiji hakina mkazi hata mmoja, ila nyumba zote bado zimesimama. Hatari ni mlowezi mpya anayekuja na jembe lake. Kila ukiiwasha mashine, kila ukipakua kitu, kuna jembe linalopita juu ya mafiga ya mtu.

Akachukua bisibisi ndogo, akaitoa diski, akaiunganisha na mashine yake kwa waya. Hakuanza kutafuta. Kwanza alinakili diski nzima, pamoja na sehemu zinazoonekana tupu, kwenye diski nyingine aliyokuwa nayo. Kazi hiyo ilianza asubuhi ikaisha jua likielekea ziwani. Nilikereka, nikamwuliza kwa nini asiende moja kwa moja kwenye picha. "Nikikosea," akasema, "nataka nikosee kwenye nakala."

Ndipo akafungua PhotoRec, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier, iliyokusudiwa mwanzoni kuokoa picha za kamera. Kioo kilikuwa cheusi, maandishi meupe, namba zinapanda polepole. Programu hii haijishughulishi na daftari. Inatembea diski yote hatua kwa hatua ikitafuta alama za picha zenyewe. Fundi akanionyesha moja: FF D8 FF, baiti tatu ambazo kila picha ya JPEG huanza nazo. Nilicheka peke yangu. Mafiga matatu! Ukiyaona hayo, ujue hapa palikuwa na jiko, na penye jiko palikuwa na watu.

Si kila tongo lina bahati hiyo. Kwenye diski za SSD, tangu Windows 7 ya mwaka 2009, mfumo huiarifu diski kwamba sehemu za faili lililofutwa hazina mwenyewe tena, nayo diski huzisafisha kwa wakati wake. Huko shamba hulimwa mwenye nyumba akishafunga mlango. Fundi aliniambia amewahi kuwarudishia watu mashine za namna hiyo bila picha na bila kuwatoza. Kujua pa kusema "hapa hakuna kitu" ni sehemu ya kazi, na wenye kuiweza ni wachache.

Picha zilipoanza kutokea, zilikuja kama watu wanaotoka kwenye behewa: vyeti, risiti, matangazo ya mtandaoni, harusi za watu, picha zangu nyingine ambazo sikutaka zionwe na mtu. Fundi akanigeuzia kioo, yeye akageukia mlangoni, akawa anaangalia bodaboda. "Chagua mwenyewe, mwalimu." Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Mara moja tu nilimwita aangalie. Akainama, akatazama. "Hii ya vichaka vitupu nayo unaitaka?"

"Hiyo ndiyo niliyoifuata."

Zilirudi picha 151 za siku ile. Nilizitambua kwa tarehe, maana picha huibeba tarehe yake tumboni. Moja ilirudi nusu. Uso wa bibi upo, kitambaa chake kipo, anacheka, halafu kuanzia kifuani kwenda chini ni kijivu kitupu. Windows mpya ilikuwa imelima hapo. Mkono uliokuwa unaonyesha kitu haupo, na sijui ulikuwa unaonyesha nini.

Kitu kingine hakikurudi: majina. Zile picha nilikuwa nimeziandika vizuri, kwa fulani, kwa fulani. Sasa kila moja ilikuwa herufi f na mkia wa tarakimu. Nilimwuliza fundi kama kuna namna. Akatikisa kichwa. "Majina yalikuwa kwenye daftari, mwalimu. Hapo mimi nimefika mwisho. Hujabakiwa na mtu wa kumwuliza?"

Jumapili iliyofuata nilikuwa Butiama kwa mjomba. Nikampa shikamoo, nikaiweka kompyuta mezani, nikafungua picha ya kwanza: vichaka, mawe, na minyaa mitatu iliyoinama. Alivaa miwani. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani amesahau. Kisha akagusa kioo kwa kidole, palepale kwenye minyaa.

"Hii niliipanda mimi," akasema, na akanitajia palikuwa kwa nani.

Nikafuta namba, nikaandika jina.