Riwaya Isiyo na Jiko

Ndugu msomaji, mwaka jana nilimsomea dada yangu sura tatu za riwaya yangu kwa simu. Yeye yuko Maskati, Oman, anafanya kazi za ndani. Mimi niko hapa Isevya, Tabora, na kazi yangu nitakueleza siku nitakapoipata. Riwaya yenyewe inamhusu msichana wa Tabora anayekwenda Uarabuni. Nilikuwa nimeweka ndege, nimeweka bahari, nimeweka machozi ya uwanjani, mpaka jangwa nililiweka, ingawa jangwa sijaliona kwa macho yangu. Dada akasikiliza hadi mwisho. Nikangoja sifa. Akaniuliza swali moja tu: "Sasa mdogo wangu, huyo mtoto tangu afike hajala?"

Nilicheka, halafu nikakasirika, halafu nikanyamaza. Kurasa hamsini na mbili, na mhusika wangu mkuu hajawasha jiko hata mara moja, wakati kazi aliyoiendea huko ni kupika!

Basi tangu siku hiyo kila kitabu cha watu walioishi mbali na kwao nakisoma na swali la dada mkononi. Shuleni tulifundishwa kuhakiki fani na maudhui. Mimi leo naomba ruhusa niongeze kipengele cha tatu: nani anapika, na yeye mwenyewe anakula nini?

Tuanze hapa hapa nyumbani. Nje kidogo ya mji wa Tabora, Kwihara, kuna tembe ambalo limefanywa makumbusho ya Livingstone. Henry Morton Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871 akielekea Ujiji, na alipomkuta Livingstone huko Novemba mwaka huo, walirudi wote wawili. Machi 1872 Stanley akashika njia ya pwani. Livingstone akabaki akingoja wapagazi mpaka Agosti. Sasa hawa walikuwa wageni, tena wa mbali. Nilitegemea wataandika habari za tumbo, na kweli wameandika.

Katika How I Found Livingstone, kitabu kilichotoka 1872, Stanley anatuonyesha mpishi wa Livingstone aitwaye Halimah. Mama huyu anachungulia kutoka jikoni ahakikishe kama kweli wazungu barazani ni wawili. Bwana wake alikuwa hali, chakula kinarudi kama kilivyokwenda, na Halimah alishaanza kuogopa kwamba mapishi yake hayathaminiwi. Leo sahani zinamalizwa! Furaha aliyokuwa nayo, mwandishi anaisimulia kama kichekesho.

Kiuhakiki nasema hivi: Stanley amefaulu kumfanya Halimah aonekane, lakini ameshindwa kumfanya awe mtu. Hata hivyo, nani kati yetu hamfahamu Halimah? Mama aliyepeleka uji kwa mgonjwa ukarudi umeganda juu, anajua uchungu ule. Katika kitabu kizima chenye bunduki, homa na bendera, mimi naamini ukurasa ule wa jikoni ndio wenye damu, na mwandishi mwenyewe hakujua.

Halafu kuna shajara za mwisho za Livingstone, zilizochapishwa 1874 baada ya kifo chake. Humo mzee anamsifu Halimah kwa kazi yake, na anaandika kwamba atampa uhuru na kumnunulia nyumba na bustani Unguja. Mei 1873 Livingstone akafa. Nyumba na bustani vimebaki ndani ya maandishi ya mtu mwingine. Riwaya nzima imelala pale, jamani, na mimi nilikuwa nahangaika na jangwa!

Tukumbuke pia Tabora ya wakati ule ilikuwa mji wa wageni. Burton na Speke walipofika Kazeh Novemba 1857, aliyewapokea na kuwakirimu ni Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Oman. Waomani walikuwa wamejenga matembe yao, wanapata wali wao na mchuzi wao kama wako kwao. Walipikiwa na nani? Na watumwa, ambao wengi nao walikuwa mbali na kwao kuliko hata mabwana zao. Leo binti wa Tabora anavuka bahari kwenda kumpikia Mwomani kule kule kwake. Sisemi ni kitu kimoja. Dada yangu ana mkataba na ana mshahara. Lakini mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Tanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, na humo kuna pasipoti zilizoshikwa na waajiri, na saa za kazi zisizo na mwisho. Mwandishi wa Tabora asipoona kwamba njia ile ile ya misafara imegeuza uso, ataona nini?

Kitabu cha pili nilichokipima ni Desturi za Wasuaheli. Nimekisoma katika fotokopi niliyoletewa na rafiki yangu aliyesoma Mlimani, kurasa nyingine zimefifia. Kilichapishwa Ujerumani mwaka 1903 chini ya jina la Carl Velten, lakini sehemu kubwa ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, yaani mlangoni pa njia yetu. Tangu mwaka 1900 alikuwa Berlin akiwafundisha Wajerumani Kiswahili. Humo mna uzazi, arusi, ngoma, maradhi, chakula, adabu, na jinsi watu wa pwani walivyofunga safari za bara. Lugha yake ni tamu, haina madoido, kama mtu anazungumza nawe barazani.

Lakini hebu fikiri mazingira ya kazi hiyo. Mtu yuko Berlin, nje theluji, naye shughuli yake ni desturi za watu walioko kwenye joto la Bagamoyo. Chungu cha kila mtu amekifunua, isipokuwa chake. Jioni akirudi chumbani alikula nini? Alipata wapi mchele, au alizoea viazi? Kitabu hakikuandikwa kujibu hayo, najua, na si haki kumlaumu fundi wa milango kwa kutotengeneza kitanda. Ila mimi kama kijana anayetaka kuandika riwaya, nayakosa.

Na maisha yake si mchezo. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 wakasafiri kuja huku, na serikali ya kikoloni ikakataa mama huyo asishuke Dar es Salaam. Wakarudi Ujerumani. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Tunajua ofisi zilisema nini juu ya ndoa yao. Sisi tungetaka kujua mezani pao palikuwaje siku waliyorudi: nani aliwasha jiko, na kama kuna aliyeweza kula.

Kitabu cha tatu ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Mwandishi alizaliwa Unguja, akaondoka kwenda Uingereza akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 2021 akapewa Nobeli ya Fasihi. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota walitoa tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis. Hapa ndipo nilipovua kofia. Riwaya hii ya msafara wa kwenda bara inaanza jikoni! Mtoto Yusuf anafurahia ujio wa ami Aziz kwa sababu siku hiyo nyumbani hupikwa vizuri, na huenda akabahatika na mabaki. Wewe msomaji unafurahi naye, mate yanakutoka. Kumbe baba anadaiwa na mgeni huyo, na Yusuf mwenyewe ndiye atakayetolewa kwa ajili ya deni. Mwandishi ametulisha kwanza, akatuonyesha bei baadaye. Hiyo ndiyo fani, wasanii wenzangu. Na raha nyingine ni ya tafsiri yenyewe: vyakula vilivyokuwa vimevalishwa Kiingereza vimerudi kwenye majina yao.

Kuna mwenzangu mmoja katika kundi letu la waandishi ananibishia. Anasema jiko ni mambo ya kila siku, fasihi inataka mambo makubwa. Nilimjibu kwa kisa hiki.

Mwajiri wa kwanza wa dada alikuwa anafunga kabati la chakula kwa ufunguo. Dada anapika biriani ya watu tisa, yeye anakula ukoko. Alipohamia nyumba ya pili, mama yetu alimtumia michembe kwa mtu aliyekuwa anasafiri, kilo mbili, imefungwa ndani ya khanga. Usiku mmoja, kazi zimekwisha, akaichemsha na karanga za kutwanga kama tunavyofanya huku. Harufu ikapanda. Bibi kizee wa nyumba ile, mama yake mwajiri, akatokea mlangoni. Miezi minne alikuwa anamwamrisha kwa Kiarabu na kwa kidole. Akauliza kwa Kiswahili safi: "Kuna nini humo?" Dada nusura aangushe sufuria. Bibi akala vipande viwili, amesimama, akafuta midomo kwa ukingo wa shela, akaenda kulala. Asubuhi, Kiarabu na kidole.

Hivi hilo ni jambo dogo? Humo mna Unguja na Oman, mna miaka mia na hamsini ya njia hii, mna watu wawili ambao kila mmoja ana kwao kulikobaki mbali. Ningeandika hotuba ya kurasa kumi juu ya ubwana na utumwa nisingefika pale vipande viwili vya michembe vilipofika. Mwenzangu alikaa kimya. Akasema tu, kiandike basi.

Ndipo penye tatizo langu. Si changu peke yangu kisa hiki. Nimemwomba dada ruhusa, akasema, "Andika, ila usinifanye nikalia. Siku ile sikulia." Naona huo ndio uhakiki mkali kuliko wote niliowahi kupewa. Stanley alimfanya Halimah kichekesho. Mimi nilikuwa tayari kumfanya dada yangu kilio. Yote mawili ni kumnyima mpishi sura yake.

Basi kurasa hamsini na mbili nimeziweka chini ya godoro na nimeanza upya. Sura ya kwanza sasa inaanza na sufuria. Nilimsomea dada Jumapili iliyopita. Amesema bado: maji niliyoweka hayatoshi, michembe itaungua.