Juu ya Neno "Kuinama"

Yako maneno katika Kiswahili ambayo kila mtu huyatumia, na kwa sababu hiyo hapana ayapimaye. Moja ni kuinama. Mtoto hulijua kabla hajaingia shule, na mzee hulitaja aumwapo na mgongo. Lakini neno hili likiisha kutoka katika mambo ya mwili na kuingia katika mambo ya moyo, laweza kuwa hekima, tena laweza kuwa fimbo ya kumpigia mnyonge. Kwa hiyo yafaa tulipime, na hasa tuipime ile methali iliyo kinywani mwa wote: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tuanze na neno lenyewe. Yako maneno yaishayo kwa -ama ambayo huonyesha jinsi mwili ulivyokaa, kama simama, inama na chutama. Hali hizi mtu huziingia mwenyewe. Mwingine akimtia humo, lugha hubadili neno, nasi twasema ameinamishwa. Tena inama lina ndugu yake, nalo ni inuka. Mwanzo wa maneno hayo mawili ni mmoja, na mwisho ndio uyatenganishao. Hata katika lugha nyingine nyingi za Kibantu ndugu hao huonekana wakienda pamoja. Ni kana kwamba wazee waliotuachia lugha waliona kuwa mwendo huu ni mmoja, wenye kushuka na kupanda, wala nusu yake haitoshi.

Sasa tuutazame mwili. Sisi tukaao Moshi, ikiwa ni Majengo au ni juu vihambani, twaona watu wakiinama tangu asubuhi hata jioni. Mama aliyeshuka tambarare kutafuta majani ya ng'ombe huinama kuyakata na kuyafunga. Kisha huinuka na mzigo kichwani, akaupanda mlima na shingo yake imenyooka. Wasafishao mfereji huinama na majembe yao, maana maji yatokayo juu hayafiki kihambani mwa mtu yeyote ikiwa tope limeziba njia. Mifereji ya Wachagga ilikuwako kabla Rebmann hajaufikia mlima mwaka 1848, na kama wenyewe wasingaliiinamia kila mwaka isingalidumu. Hata mwenye viatu vizuri akienda Kiboriloni kununua mitumba, huinama juu ya fungu kama wengine, akapekua. Na mlima wenyewe wafundisha jambo hilo: apandaye huinama mbele, ashukaye huegemea nyuma. Ukimwona mtu njiani ameinama, usiseme upesi kwamba anashuka.

Katika mambo hayo yote hapana aibu, na sababu yake ni hii: aliyeinama ameiinamia kazi. Nyasi hazina kiburi. Tope la mfereji halitaki kusujudiwa. Ndivyo ilivyo na methali yetu. Mvungu ni nafasi iliyo wazi chini ya kitanda, mahali watu wawekapo sanduku, viatu na vyombo. Mwenye kutaka kitu cha huko huinama kwa kuwa kitanda ni kifupi na kitu kiko chini, wala si kwa kuwa kitanda ni bwana wake. Hata mwenye nyumba akikitaka, naye huinama. Methali yasema juu ya jinsi mambo yalivyo: elimu iko chini ya miaka ya kusoma, ufundi uko chini ya miaka ya kufagia karakana ya fundi, na mavuno yako chini ya jembe. Mwanafunzi akataaye kuanza na herufi hatafika kwenye kitabu. Hapo methali ni kweli tupu.

Mfano mzuri tunao mlimani petu. Zamani za utawala wa Waingereza walikuwako walowezi Wazungu wasiotaka Mwafrika alime kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro wakaunda chama chao mwaka 1925, kilichoitwa kwa kifupi K.N.P.A., na mwaka 1933 ukaja muungano wa vyama vya ushirika, K.N.C.U. Watu hao waliinama sana, kwa maana mche wa mbuni hautunzwi na mtu asiyekubali kushika udongo. Lakini waliinamia shina la mbuni. Hawakuyainamia maneno ya wale waliotaka wasilime. Mtu asiyeweza kuutambua mgawanyo huo hajaielewa methali.

Nao wasioielewa ni wengi, tena wengine wanaielewa vema na kuipotosha kwa makusudi. Tuseme mjane aenda ofisini kutaka cheti ambacho sheria imempa. Karani amwambia aje kesho, na kesho kutwa, na mwisho atabasamu na kusema, "Mama, mtaka cha mvunguni sharti ainame." Mjane afahamu kwamba aombwa fedha. Au tuseme binti aliyemaliza shule aenda kutafuta kazi, na mwenye kuajiri amwambia maneno hayo hayo. Wote wawili wajua kwamba kinachotakwa hapo si unyenyekevu. Je, cheti kile kilikuwa mvunguni? La. Kilikuwa juu ya meza, naye karani ndiye aliyekisukumia chini ya kitanda. Haki ya mtu haiwekwi mvunguni. Aiwekaye huko kisha akamtajia mwenye haki methali ya wazee, amewaibia watu wawili: amemwibia mjane cheti chake, na amewaibia wazee hekima yao. Methali hii ni ya mtafutaji kujiambia mwenyewe. Haimfai mwenye kitanda kumwambia mtafutaji.

Labda msomaji atauliza, Je, basi ni vibaya kumwinamia mtu? Sivyo. Tulitazame neno shikamoo. Husemwa kuwa asili yake ni kushika miguu, yaani, mdogo alimwambia mkubwa kwamba anashika miguu yake. Leo hapana ashikaye mguu wa mtu. Mwili umebaki wima, na kuinama kumekaa katika neno. Wako wasemao kwamba salamu hii ni ya kitumwa na ingefaa iachwe. Mimi naona wamesahau jibu lake. Mkubwa hujibu marahaba, ndiyo kumkaribisha mdogo kwa furaha. Mdogo aliyejishusha kwa neno moja hupandishwa kwa neno moja. Tena mdogo wa leo atakuwa mkubwa kesho, naye ataamkiwa vivyo hivyo. Wahenga walisema, heshima si utumwa. Lakini mkubwa asiyeitikia, au aitikiaye na macho yake yako kwingine, ndiye aifanyaye salamu ile kuwa ya kitumwa. Kosa ni la kwake, wala si la neno.

Maandiko nayo hayaamini kila mgongo uliopinda. Yohana Mbatizaji alisema hakustahili kuinama na kulegeza gidamu ya viatu vya yule ajaye nyuma yake. Huko kuinama ni kwa mtu ajuaye mahali pake, wala hakuna aliyemlazimisha. Lakini Nabii Isaya aliwakemea waliofunga huku wakiinamisha vichwa kama unyasi, na siku ile ile wakiwaonea watumishi wao. Unyasi huinama kwa upepo tu, wala hauna moyo ndani yake. Mtu aweza kuinama kanisani siku ya Jumapili, na Jumatatu akawainamisha wengine.

Basi hukumu yangu juu ya methali hii ni kwamba ni njema, tena tuitunze. Ila ni fupi. Imesema juu ya kuinama, haikusema juu ya kuinuka, na mjanja huingia penye pengo hilo. Kwa hiyo mzazi au mwalimu amfundishapo mtoto methali hii, na amfundishe pamoja nayo maswali mawili ya kuuliza kabla hajapinda mgongo. Kitu hiki kimewekwa mvunguni na nani? Tena, nikiisha kukishika, nitaachwa niinuke?