Kiti Ndani ya Kesi

Mahakama na jukwaa vina mengi yanayofanana: joho, kiapo, zamu ya kusema na zamu ya kunyamaza, na umati unaosubiri neno la mwisho. Ndiyo maana kesi huchezeka vizuri jukwaani. Lakini tamthilia nyingi za mahakamani humwacha mtazamaji gizani, akichungulia shauri la wengine. Sifa zangu ni za mafundi wanaomtoa huko gizani na kumpa kiti ndani ya shauri lenyewe.

Mwaka 2017, tamthilia ya Agatha Christie, Witness for the Prosecution, ilianza kuchezwa London ndani ya County Hall, kando ya mto Thames. Jengo hilo lilikuwa makao ya serikali ya jiji hadi serikali hiyo ilipovunjwa mwaka 1986. Mwongozaji Lucy Bailey hakuhitaji kuunda mahakama ya mbao na rangi. Ukumbi wa madiwani ulikuwapo tayari, wenye pembe nane na roshani, uliojengwa kwa ajili ya watu wa kuamua mambo mazito. Ukiketi humo, mgongo unanyooka wenyewe. Watazamaji 12 hukaa mahali pa juri, wale raia wa kawaida ambao katika sheria ya Uingereza ndio wenye neno juu ya hatia. Wazee wa baraza tuliowazoea katika mahakama zetu walitoa maoni, na jaji aliweza kuyaweka kando. Juri haiwekwi kando.

Leonard Vole anashtakiwa kwa kumuua Emily French, mwanamke tajiri aliyemzidi umri. Mtumishi wa marehemu, Janet Mackenzie, anapanda kizimbani na kuapa kwamba usiku ule aliisikia sauti ya Vole nyuma ya mlango uliofungwa. Wakili wa utetezi, Sir Wilfrid Robarts, anaanza maswali ya dodoso. Je, haikuwa redio? Je, si kweli kwamba mama huyu ameomba kifaa cha kumsaidia kusikia? Ukiwa mbali ungefurahia tu ujanja wa wakili. Ukiwa karibu na kizimba, unaona aibu ikimpanda shahidi usoni, na unaanza kuyatilia shaka masikio yako mwenyewe.

Kwa ukaribu huo mwigizaji hana pa kujificha. Anayecheza mwongo anapaswa kuutamka uongo kama mkweli, mbele ya watu wanaouona kila mkunjo wa uso wake, na kesho aurudie bila kuzidisha wala kupunguza. Jicho likipepesa mapema mno, fumbo limevunjika.

Na fumbo hili lilipikwa kwa subira. Lilianza kama hadithi fupi mwaka 1925. Christie aliligeuza tamthilia mwaka 1953, baada ya kusoma kumbukumbu za kesi maarufu. Mwisho wa hadithi haukumridhisha, akaubadili na kuutetea. Watazamaji wa mwaka ule walijua kwamba kitanzi si mchezo, kwa kuwa wauaji walikuwa bado wakinyongwa Uingereza.

Wapo waliompa mtazamaji madaraka zaidi. Katika Night of January 16th ya Ayn Rand, iliyofika Broadway mwaka 1935, juri iliteuliwa miongoni mwa watazamaji, na tamthilia ilikuwa na miisho miwili kulingana na uamuzi wao. Ni ubunifu wa kuheshimiwa. Hata hivyo, naona ufundi wa Christie umezama zaidi. Hakuachii kuchagua mwisho. Anakupa kazi ya kupima ushahidi, kisha anakuonyesha mizani yako ilikuwa ikiegemea wapi tangu mwanzo: kwenye sura ya upole na sauti ya kubembeleza, mbali na mke wa Vole, mgeni aliyetoka Ujerumani.

Sisi sote tunahukumu kila siku, msibani, kijiweni na kwenye simu, tena tukiwa tumesikia upande mmoja tu, na hakuna anayetuapisha. Tamthilia inayotukalisha mahali pa juri inatudai tusikilize kwa subira ile ile ambayo tungeitaka kwa mtu anayesikiliza kesi yetu. Waandishi, waongozaji na waigizaji wanaoweza kutudai hilo kwa saa chache wanastahili shukrani za kila mwenye ulimi.