Mafungo na Kijiwe

Mambo haya yalianzia kwenye kijiwe chetu cha Mwanjelwa, nyuma ya vibanda vya mitumba, ambako jioni hukutana wenye miswada na wenye nia ya kuwa na miswada. Siku hiyo mshikaji mmoja alikuja na karatasi mbili amezikunja mfukoni kama barua ya mapenzi. Kumbe ni tangazo. Huko Italia, kwenye bonde moja la milimani, kuna watu wenye nyumba ya mawe wanaowakaribisha waandishi, wachoraji na wanamuziki wakae juma zima wafanye kazi zao. Chumba cha peke yako, dirisha linatazama mlima, chakula cha shambani, na mtandao wa simu haukamati vizuri, jambo ambalo tangazo lililitaja kama sifa. Bei ilikuwa kwa euro. Tulipoigeuza kuwa shilingi kijiwe kizima kilinyamaza, halafu mmoja akasema: "Yaani mtu unalipa mamilioni ili mtandao usikamate? Si aende kwetu Makete akakae bure?"

Tulicheka sana, lakini mwenye karatasi hakucheka. Alisema riwaya yake imekwama ukurasa wa 60 kwa sababu analala chumba kimoja na kaka zake wawili na redio moja isiyozimwa, na kwamba sisi tunakidharau kimya kwa vile hatujawahi kuwa nacho. Neno hilo lilinichoma. Mimi mwenyewe riwaya yangu naiandika usiku, nikishafunga kibanda cha fotokopi ninakofanya kazi, juu ya meza ile ile ya kukatia karatasi. Nikaahidi kulifanyia tangazo lile uhakiki kama tulivyofundishwa shuleni, fani kwanza, maudhui baadaye. Nimechelewa miezi mitano, na sababu ya kuchelewa ni sehemu ya uhakiki wenyewe.

Haya, fani. Mandhari yamepambwa vizuri mno: ukungu, kengele za mbuzi, njia za mawe. Wahusika ni tatizo. Wageni wapo, wana ndoto na wana uchovu wa mjini. Wenyeji wa bonde hawapo. Tazama vitenzi: chakula huandaliwa, mkate huokwa, vitanda hutandikwa, kuni huletwa. Kila kazi iko katika kauli ya kutendwa. Nani anaoka? Hatuambiwi. Mwalimu wangu wa Kiswahili alizoea kusema kauli ya kutendwa ni mahali pazuri pa kumfichia mtu. Naomba ulishike hilo, tutalirudia.

Jambo lenyewe lina jina kwetu. Aliyesoma shule ya Wakatoliki mkoa wa Iringa analijua: mafungo. Unapelekwa mahali, unakaa kimya siku tatu, unatafakari dhambi zako, unarudi na njaa. Jina Tosamaganga wengi tulilisikia kwa mara ya kwanza kwa habari kama hizo. Ni mlimani, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini; wamisionari Wajerumani ndio walioanza pale, na wale wa Consolata kutoka Italia wakaingia Iringa mwaka 1919. Kwa hiyo mtu wa Iringa hana haja ya kushangaa kuona Mwitaliano, mlima na kimya vikitajwa pamoja. Tofauti ni kwamba hapa Waitaliano ndio waliokuja kuwa wageni.

Na huko kwao, kimya kile kimetoka wapi? Hapa ndipo nilipojifunza jambo. Mwandishi mmoja wa Piemonte, Nuto Revelli, alizunguka na kinasa sauti katika mabonde ya mkoa wa Cuneo akiwahoji wazee wakulima, na mwaka 1977 akatoa kitabu Il mondo dei vinti, yaani dunia ya walioshindwa. Ni sauti za watu ambao watoto wao waliteremka kwenda viwandani, wengi kwenye magari ya Fiat mjini Torino, wakaacha nyumba za mawe zibomoke taratibu. Torino hiyo hiyo ndiko lilikoanzishwa shirika la Consolata mwaka 1901. Kitongoji cha Paraloup, katika bonde la Stura, kilikuwa kambi ya wapiganaji dhidi ya Wajerumani na Mafashisti mwaka 1943 na 1944, baadaye kikabaki magofu matupu, mpaka taasisi yenye jina la Revelli ilipokikarabati kiwe mahali pa shughuli za utamaduni. Sasa lisome tena lile tangazo. Kimya kinachouzwa katika mabonde ya namna hiyo ni kimya cha watu waliohama. Sisemi wanaokaribisha wageni wanafanya vibaya. Afadhali nyumba iwe na mchoraji kuliko popo. Lakini kimya cha namna hiyo hakipatikani Rungwe, kwa sababu Rungwe watu hawajaisha. Kila mgomba una mwenyewe, na mwenyewe yuko hapo hapo anakutazama.

Kuna wenye majumba makubwa zaidi, bila shaka. Pale Bellagio, kando ya Ziwa Como, taasisi ya Rockefeller ilipewa jumba la Serbelloni mwaka 1959 na hadi leo huwaalika wasomi na wasanii. Mwaka 1991 ndiko ulikofanyika mkutano wa kujadili uchapishaji wa vitabu katika Dunia ya Tatu, Afrika ikiwemo. Naam, Afrika, kando ya Ziwa Como. Naacha hapo.

Kijiweni kuna wanaosema mwandishi wa kweli hahitaji vitu hivi. Mimi nilikuwa mmoja wao mpaka nilipokumbushwa habari za marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o. Petals of Blood aliimalizia Yalta mwaka 1975, kwenye nyumba ya mapumziko, akiwa mgeni wa Chama cha Waandishi cha Urusi ya Kisovieti. Ndiyo, mafungo kabisa, na vyakula vya kuandaliwa. Miaka miwili baadaye yuko Kamiriithu na wanakijiji, wanajenga jukwaa la wazi kwa mikono yao na kusahihishana lugha ya mchezo. Serikali ikaufunga mchezo, na mwisho wa 1977 ikamfunga na yeye. Huko Kamiti, mwaka 1978, aliandika riwaya ya Kigĩkũyũ juu ya karatasi za chooni. Mtu mmoja, sehemu tatu: nyumba ya wageni, uwanja wa kijiji, selo. Huwezi kumtumia kutetea upande mmoja tu. Nilijaribu nikashindwa.

Kijiwe kikaamua: tufanye mafungo yetu, na tuyafanyie Rungwe. Hoja iliyotushinda wote ilitoka kwenye kitabu. Mwaka 1951 Monica Wilson alichapisha Good Company, kitabu juu ya Wanyakyusa ambao yeye na mumewe Godfrey walikaa kwao kati ya 1934 na 1938. Hao nao walikuwa wageni waliokuja kuandika bondeni, na karani wao, Leonard Mwaisumo, aliwaandikia na kuwatafsiria mengi sana, ingawa jina juu ya jalada ni moja tu. (Kauli ya kutendwa, tena.) Wilson anaeleza kwamba zamani wavulana wa miaka 10 au 11 walitoka nyumbani kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakaanza kijiji cha rika lao. Shabaha ilikuwa ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako, kula, kunywa na kuongea. Waliamini akili hupatikana kwa maongezi ya namna hiyo, na anayejitenga hapati kitu. Msomaji, hicho si kijiwe? Tulishangilia kana kwamba Wilson alikuwa amekuja Mwanjelwa.

Basi tukachanga shilingi 25,000 kila mtu, tukanunua mchele, sukari, mafuta na sabuni, tukapanda Coaster pale Uyole. Tulikuwa sita, wavulana wanne na wasichana wawili. Mwenzetu mmoja ana bibi yake chini ya Mlima Rungwe. Ilikuwa Januari na mvua ya Rungwe unaijua, hainyeshi ikaisha.

Siku ya kwanza tulijaribu kuwa Waitaliano. Kila mtu na kona yake, daftari magotini, kimya. Haikupita saa moja bibi akamwita mjukuu wake nje na kumwuliza kwa sauti ya chini: "Mjukuu wangu, hawa wenzako wamefiwa na nani?" Majirani wawili walikuwa wamekwisha kuja kutoa pole. Kukaa kimya watu sita ndani ya nyumba, mchana, bila msiba, lilikuwa jambo la kuwatia watu wasiwasi. Ilibidi tutoke tusalimie, na kusalimia kule si kazi ya dakika mbili.

Usiku wa pili tukabadilisha. Tuliandika asubuhi, jioni tukasoma kwa sauti kando ya moto, bibi na majirani wakisikiliza. Hapo mambo yakanoga. Niliposoma sura yangu ya nne, ambamo shujaa wangu analewa ulanzi Mufindi mwezi wa nane, mzee mmoja aliyewahi kuchuma chai huko alinikatiza: "Kijana, mwezi wa nane ulanzi unautoa wapi? Mianzi inagemwa masika." Sura nzima ilisimama juu ya ule ulevi. Niliifuta palepale, na sijawahi kupata uhakiki bora kuliko huo, hata kutoka kwa walimu. Mshikaji wa ukurasa wa 60 naye alifika wa 74. Siku ya tatu nilihesabu, nina kurasa 31. Nilikuwa tayari kuandika makala haya kwa kelele: tupa karatasi zako za Italia, ukwangala oyee.

Tulipokuwa kwenye Coaster kurudi Mbeya nilimgeukia mmoja wa wale dada. Huyu, nasema bila kumpendelea, ndiye mwandishi kutuzidi sote. Ana hadithi ya msichana anayebadilisha fedha mpakani Tunduma ambayo, ikimalizika, haitabaki kijiweni. Alitaka kuipeleka kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, hii iliyoanza kutolewa mwaka 2023. Nikamwuliza amefika wapi. Akanionyesha: ukurasa mmoja na nusu. Kitenge chake kilinuka moshi.

"Wewe ulienda mafungo," akasema. "Mimi nilienda kwa bibi."

Nikawa nahesabu kichwani. Nani alimenya ndizi? Nani aliteka maji? Wale majirani waliokuja kila saa, nani aliwachemshia chai? Bibi ni mzee, hawezi kuachwa apike sufuria la watu sita peke yake, na mabinti wenye adabu hawawezi kukaa na madaftari huku bibi anapuliza moto. Sisi wanaume tuliweza. Hakuna aliyetuamuru na hakuna aliyetukataza. Chakula kiliandaliwa. Maji yaliletwa. Nilikuwa nimelisuta tangazo la Italia kwa kosa ambalo nililiishi siku tatu nzima, na kushiba juu yake.

Nilirudi kwa Wilson safari hii bila kushangilia. Limo, nilikuwa nimelipita haraka: wale wavulana wa kijiji cha rika walilala kwenye vibanda vyao, lakini kula walikwenda kwa mama zao, kundi zima, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Akili walipata kwa maongezi. Ugali na ndizi havikutoka kwenye maongezi. Na vijiji vile vilikuwa vya wanaume. Kijiwe chetu nacho, tukubali, dada zetu hukipita haraka wakirudi sokoni kabla giza halijaingia.

Kwa hiyo ndugu zangu wa kijiweni, msininunie. Ile nyumba ya mawe ina kasoro nilizozitaja na sizifuti. Lakini inamlipisha mgeni, na nataraji anayeoka mkate analipwa kutokana na hizo euro. Na mwanamke akiingia kwenye chumba kile, hakuna anayemtazamia atoke aende jikoni. Kwa mshikaji wetu wa ukurasa wa 60, Italia ni starehe. Alipata kurasa 14 Rungwe kwa shilingi 25,000 na ukwangala wa bure. Kwa huyu dada mambo ni mengine kabisa. Ikitokea nafasi moja ya kugharamiwa kwenda mahali kama hapo, na sisi sita tukiulizwa nani aende, mimi najua nitamtaja nani, na sitasema tena kwamba mwandishi wa kweli hahitaji chumba.

Kwa sasa chumba hicho hatuna. Tumepanga kwenda upande wa Iringa mwezi wa sita, nyumbani kwa shangazi yangu, baridi itakuwa kali. Nimebandika zamu kwenye ukuta wa kibanda cha fotokopi: kupika, kuteka maji, kuosha vyombo, kupokea wageni. Wanaume wanne, siku nne. Siku ya kwanza ni yangu, na tangu juma lililopita najifunza kupika kande, mpaka sasa nimeunguza mara mbili. Dada yetu hajasema kama atakuja. Alipita kibandani jana, akaisoma ile karatasi taratibu mpaka chini, akaomba nimtolee fotokopi.